Nywele za asili na joto la Dar: nipake nini, na nianze na kipi?

Mkazi wa Tabata: Habari zenu, ndugu zangu. Nina nywele za kipilipili zisizo na dawa. Nikizipaka mafuta mazito asubuhi hung'aa, lakini ikifika jioni huwa kavu na ncha hukatika. Naomba ushauri wa bidhaa zinazofaa.

Msusi wa Kinondoni: Dada, mafuta hayaleti unyevu, bali huuzuia usitoke. Baada ya kuosha, nywele zikiwa bado na majimaji, paka kondishena isiyosuuzwa, kisha mafuta kidogo juu yake. Mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, ndiyo maana wengine huyapaka kabla ya shampuu. Ya nyonyo hukaa zaidi juu. Geuza kopo usome viambato kabla ya kulipa: maji yakitajwa kwanza, hicho ni kilainishi, petroli jeli ikitangulia, utakuwa umenunua kitu cha kufunika unyevu tu, hata kama lebo inaahidi makubwa.

Mdau wa Kigamboni: Naongezea kuhusu gliserini. Huvuta unyevu wa hewani, hivyo katika fukuto letu la Machi nywele hufura na mtindo kuharibika. Jeli yenye kushika vizuri inafaa zaidi. Usiku jifunge kitambaa cha satini, kwani pamba hunyonya mafuta.

Mkazi wa Tabata: Nashukuru sana. Na pasi ya nywele?

Msusi wa Kinondoni: Paka kwanza kinga ya joto, uiache ikauke kabisa. Ukiona mvuke, zima.