Kontrola (faili ya kodi inayopokea maombi) ya tiketi za boti imefika mistari 1,400, nianze wapi kuipunguza?

Kodi_Mlandege: Assalaam alaykum jamani. Mfumo ni wa Laravel (fremu ya PHP), tiketi za boti Malindi (Unguja)–Mkoani (Pemba). Metodi ya store, ile ya kukata tiketi, peke yake inakagua fomu, inapiga hesabu ya nauli (mkaazi na mgeni), inaangalia viti, inahifadhi, halafu inatuma meseji. Sasa inatakiwa pia API ya simu (njia ya programu ya simu kuongea na mfumo) yenye kazi hizo hizo. Niigawe kontrola mara tatu nne?

Fundi_Wete: Waalaykum salaam. Yakhe, ukigawa faili tu mchafuko utabaki ule ule, na API itakulazimisha kunakili hesabu ya nauli. Siku bei ikibadilika utarekebisha upande mmoja, wa pili usahaulike. Toa kazi kwanza, kugawa baadaye.

Kabla hujagusa kitu, andika testi (majaribio ya kodi) za store: mkaazi, mgeni, boti iliyojaa. Kisha hamisha ukaguzi wa fomu: `php artisan make:request KataTiketiRequest`. Tazama authorize (metodi inayoamua nani aruhusiwe), inakuja ikirudisha false. Ukiiacha hivyo kila ombi litapata 403, yaani litakataliwa. Halafu unda klasi ya kawaida, `app/Huduma/KataTiketi.php`. Isipokee Request (ombi la wavuti) wala isirudishe view (ukurasa): ipewe safari na abiria, irudishe Tiketi. Kontrola ya wavuti na ya API zote ziiite hiyo hiyo.

Bi_Chake: Naunga mkono, ila kwenye viti ndipo penye hatari khasa. Kuhesabu viti na kuhifadhi tiketi viwe ndani ya `DB::transaction` moja (yote yaingie au yasiingie kabisa), na rekodi ya safari uisome kwa `lockForUpdate()`, inayoifunga mpaka kazi iishe. Bila hivyo watu wawili wakibonyeza pamoja wote watauziwa kiti cha mwisho. Hilo lipime kwenye hifadhidata ya MySQL. SQLite hailishughulikii kufuli hilo, testi zitapita bure.

Meseji usiitume humo ndani. Mtandao ukichelewa, kufuli linashikiliwa na wengine wote wanasubiri. Iweke kwenye foleni kwa `afterCommit()` (isubiri transaction ikamilike), la sivyo inaweza kuchukuliwa kabla tiketi haijaingia kwenye hifadhidata.

Kodi_Mlandege: Ahsanteni sana. Na metodi za ziada, ahirisha na chapisha?

Fundi_Wete: Hizo ndizo za kugawa. Metodi za kawaida ni saba: index, create, store, show, edit, update, destroy. Kisichoingia humo kipe kontrola yake. Kuahirisha kuwe store ya UahirishajiController. Chapisha ni kitendo kimoja, `--invokable` (kontrola yenye metodi moja tu) yatosha. Majina ya njia kwenye `routes/web.php` yaache kama yalivyo, maana kurasa zako zinaziita kwa jina.