Kisu cha mfukoni kuwa butu baada ya kukata maboksi

Kisu nakinoa mpaka kinanyoa nywele za mkono, lakini maboksi machache tu, butu. Tatizo ni chuma?

— Ni boksi lenyewe. Karatasi yake, hasa iliyorejelezwa, ina chembechembe za mchanga na madini. Inasugua makali kama msasa. Katia sehemu iliyo karibu na mpini, ncha ibaki kali.

— Na zile pini za chuma zinazofunga boksi, ng'oa kwanza, zinamega makali. Pitisha makali taratibu juu ya ukucha, utahisi yanapokwama. Halafu wanaokatia juu ya sahani au kioo! Hapo makali yanapinda mara moja. Tumia ubao.

— Yaliyopinda kidogo, nyoosha kwa mkanda wa ngozi, ukivuta kinyumenyume, mgongo wa kisu ukitangulia na makali yakifuata. Yaliyomegeka yanataka jiwe la kunolea: namba 400 (chembe kubwa), kisha 1000 (chembe laini), kisu ukikiinamisha nyuzi 20 kila upande. Mashine ya kunolea isiyotumia maji hapana, inachoma chuma. Chuma kikigeuka bluu, ugumu umekwenda.