Kampuni iliyofilisika yaweza kufungua kesi bila ya kulipa ada ya mahkama?

Mjenzi wa Chake:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kampuni yetu ya ujenzi, tuliyoisajili watu watatu hapa Chake Chake, ilimaliza kujenga vyumba kumi na viwili vya hoteli moja iliyoko pwani ya kaskazini ya Unguja, na mwenye hoteli akatulipa fungu la mwanzo tu. Tangu hapo gari letu la mizigo limechukuliwa na benki, mafundi wanane wanadai mishahara ya miezi minne, na akaunti ya kampuni haina kitu. Tunataka kushitaki, lakini tumeambiwa kwamba ada ya kufungulia kesi hufuata thamani ya madai, na madai yetu ni makubwa. Nimesikia kuwa mtu fukara huweza kuruhusiwa na mahkama afungue kesi bila ya kutanguliza ada. Je, kampuni nayo yaweza kuhesabiwa kuwa fukara? Linaloniuma ni kuwa aliyetufikisha katika hali hii ndiye atakayesalimika kwa sababu ya hali hiyo hiyo.

Wakili wa Mkunazini:

Wa alaykum salaam. Pole sana, na swali lako lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Sheria yetu ya mwenendo wa madai, Sura ya 8, asili yake ni sheria ya India, kwa hiyo inafaa kutazama Wahindi wenyewe wameamua nini. Mwaka 2001 Mahkama ya Juu ya India, katika kesi ya Union Bank of India dhidi ya Khader International Construction, iliamua kwamba neno “mtu” katika Amri ya 33 (sehemu inayohusu kesi za mafukara) ya sheria yao ya mwaka 1908 linaingiza pia kampuni. Benki ilishikilia kuwa amri ile inamtaka muombaji aje mwenyewe ahojiwe, na kampuni haina mwili wa kusimama mbele ya hakimu. Mahkama ikajibu kwamba mwakilishi aliyeidhinishwa anaweza kuja na kuhojiwa kwa niaba yake. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu, lakini ni hoja nzito ya kuwawekea mezani.

Zingatia jambo moja ambalo watu hulikosea: ada haisamehewi, huahirishwa. Kwa utaratibu huo wa India, fukara akishinda, ada hukatwa mwanzo kabisa katika kile alichokipata, na akishindwa huamriwa ailipe.

Mhasibu wa Wete:

Kwa heshima zote, mimi naona upande wa pili. Mwaka 1993 Mahkama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikataa jambo hili katika kesi ya Rowland dhidi ya California Men's Colony, iliyoletwa na baraza la wafungwa. Jaji Souter aliona kuwa ufukara ni hali ya binadamu, na kuwa taasisi haiwezi kula kiapo cha umaskini. Nami naongeza la kihasibu: wenye hisa waliichagua kampuni ili madeni yake yasiingie majumbani mwao. Ikiwa wao wenyewe wana mashamba ya mikarafuu na nyumba, kwa nini Serikali ndiyo isubiri ada yake?

Wakili wa Mkunazini:

Hoja yako ni ya haki, na Wajerumani wameitafutia jibu. Sheria yao huisaidia kampuni pale tu ambapo yenyewe na wale wenye maslahi ya kiuchumi katika kesi hawawezi kulipa, na pia pale ambapo kuiacha kesi kungekwenda kinyume na maslahi ya umma. Tarehe 22 Disemba 2010 Mahkama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi kuhusu kampuni ya Kijerumani ya DEB, iliyotakiwa kutanguliza zaidi ya euro 270,000, na ikasema kwamba chombo cha kisheria hakiwezi kunyimwa msaada huo kwa sababu tu si binadamu; jaji apime hali ya kampuni, uwezo wa wenye hisa wake, na kama kesi ina matumaini.

Kwa hiyo, Bwana Mjenzi, ombi lenu liweke wazi mali yote ya kampuni bila ya kuficha hata mashine ya kuchanganyia zege, na hali ya kila mwenye hisa kwa hati ya kiapo. Msihamishe chochote sasa, kwani mali iliyotolewa kwa hila muda mfupi kabla ya ombi huliangusha ombi zima. Na ikiwa kampuni itawekwa chini ya mfilisi, mfilisi huyo ndiye atakayeshitaki kwa jina la kampuni.

Mjenzi wa Chake:

Shukran sana nyote wawili. Mwenzetu mmoja anayo nyumba Gombani, na kwa kweli nilikuwa nimepanga kutoitaja, sasa nitaitaja. Wakili, barua ya mwenye hoteli ya kukiri kuwa kazi imekamilika ninayo. Niiambatanishe na ombi lenyewe, au ningoje mpaka kesi ipokelewe?

Wakili wa Mkunazini:

Iambatanishe na ombi. Jaji hulikataa ombi lisiloonesha sababu ya kushitaki, na barua hiyo ndiyo sababu yenu.