Matabaka ya visima kwenye ramani: tununue leseni ya ArcGIS au tutumie QGIS?

MwanaUjiji
Habari za leo, wakuu. Kikundi chetu hapa Kigoma kinaandaa ramani ya visima vya vijiji, na kufikia Ijumaa ninapaswa kumjibu mhasibu kama tununue leseni ya ArcGIS, programu ya kutengenezea ramani, au tutumie QGIS, programu ya kazi hiyohiyo ambayo haina malipo. Kazi yenyewe ni kuweka tabaka la visima (yaani data ya aina moja inayolazwa juu ya ramani) juu ya matabaka ya barabara, mito na mipaka. Ipi inafaa zaidi?

Mgebuka
Ndugu, umetuachia mengi ya kukisia. Viwianishi vya visima, yaani namba zinazoonyesha mahali vilipo, viko kwenye faili la aina gani, vilichukuliwa kwa mfumo upi, na intaneti ya hapo ofisini inahimili ramani za mtandaoni? Usipoyasema hayo, kila mtu atakutajia programu aliyoizoea yeye.

Binti_Kasulu
Mimi sisubiri majibu hayo: QGIS. Faili la ramani la aina ya shepufaili au KML unaliburuta kutoka kwenye folda na kulidondosha juu ya ramani, na orodha ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, unaionyesha tu safu ya longitudo na safu ya latitudo. Fedha ya leseni nunulieni mafuta ya pikipiki, maana visima havitajipima vyenyewe.

MzeeWaDira
Binti yangu, kisicho na malipo nacho kina gharama zake. Nimetumia ArcGIS kwa miaka mingi, na kilichonifanya nibaki nayo ni kwamba kila ofisi niliyopelekea kazi ililifungua faili langu bila maswali. Nani atawafundisha hao vijana QGIS, na kwa muda gani?

Mpimaji_Tabora
Naomba niwasimulie yaliyonipata, kwa kuwa mnabishania programu na tatizo haliko huko. Tulikuwa tukichora ramani ya mizinga ya nyuki ndani ya msitu wa kijiji, huku Tabora. Mto tuliuchora kutoka kwenye karatasi ya ramani ya zamani ya kipimo cha 1:50,000, ambayo imetengenezwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi wa Afrika Mashariki, na mizinga tuliipima kwa GPS, ambayo hutoa viwianishi vya WGS 84, mfumo wa dunia nzima. Mifumo hiyo miwili inapishana kwa takriban mita 300 katika nchi yetu. Mwenzangu alipoona matabaka hayalingani, alibofya tabaka la mto na kulibadilishia jina la mfumo liwe WGS 84, akaamini amemaliza. Kumbe kubadili jina hakuhamishi nukta hata moja. Ili data ihame kweli, ni lazima tabaka lihifadhiwe upya kama faili jingine katika mfumo unaoutaka. Ramani ikachapishwa, ikabandikwa kwenye ofisi ya kijiji, na mzee mmoja akaweka kidole juu yake akauliza mizinga yake ilivuka mto lini. Tulirudi porini siku tatu tukiwa na GPS mkononi.

Binti_Kasulu
Pole sana, kaka. Hata hivyo kosa hilo hufanyika katika programu yoyote, kwa hiyo halimsaidii MzeeWaDira.

MzeeWaDira
Wala halikusaidii wewe. Na hizo shepufaili unazozisifu hukata majina ya safu yafikie herufi 10, tena mtu akikutumia faili la .shp bila wenzake wa .shx na .dbf, amekutumia ganda tupu.

Binti_Kasulu
Ndiyo maana siku hizi mimi huhifadhi kwa GeoPackage, kila kitu ndani ya faili moja.

MwanaUjiji
Samahanini kwa kuchelewa. Visima vingi viko kwenye Excel kwa nyuzi za desimali (latitudo na longitudo), lakini vile vya zamani vimeandikwa kwenye daftari kwa mita za UTM, ule mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita ndani ya kila kanda, kuanzia Ilagala hadi Nguruka. Vya Excel nilivijaribu jana kwenye QGIS, na baadhi vikatokea Sudan Kusini.

Mgebuka
Hivyo vya Sudan Kusini vimekosa alama ya kutoa mbele ya latitudo. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Daftari ndilo linalonitia shaka. Mstari wa nyuzi 30 mashariki unapita katikati ya mkoa wetu, kwa hiyo Ilagala iko kanda ya 35 na Nguruka iko kanda ya 36. Je, daftari linataja kanda?

MwanaUjiji
Halitaji. Vyote niliviingiza kama kanda ya 36, na sasa naelewa kwa nini visima 9 vya Ilagala vimeangukia upande wa Kondoa, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa.

MzeeWaDira
Vitenganishe kwanza kwa majina ya vijiji, kila kanda na faili lake, ndipo uviunganishe katika mfumo mmoja.

MwanaUjiji
Shida ni kwamba kurasa mbili hazina jina la kijiji, na aliyeziandika amehamia Mpanda. Mhasibu nitamwomba aniongezee wiki moja.