Mjadala: Gari la kuuza lipakwe dawa ya tairi ling'ae, au tuachiwe tuone magaga yake?

Kimara Mwisho (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu. Kuna jambo linanikera tangu Masika iliyopita, leo nalitupa hapa tulichambue.

Nilinunua gari aina ya Toyota IST kwenye yadi moja hapa hapa Dar, jina naliacha. Siku naenda kulitazama, kilichonivuta kwanza si bodi, ni matairi. Meusi tii, yanameremeta kana kwamba yametoka kunyeshewa dakika hiyo, na hapo ni jua kali la saa saba mchana. Moyoni nikasema huyu jamaa kaniwekea matairi mapya, bei si mbaya. Nikalipa.

Wiki ya pili mvua ikanikuta kwenye foleni ya Ubungo. Nimefika nyumbani, ubavu wa gari una michirizi myeusi kutoka kwenye magurudumu kwenda nyuma. Asubuhi matairi yamekauka, nikainama. Yana magaga, wakuu. Mipasuko kama kisigino cha mtu aliyelima maisha yake yote bila viatu. Nikasoma namba nne za mwisho za maandishi ya ubavuni mwa tairi: 3212. Yaani wiki ya 32 ya mwaka 2012. Kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, ziko nene kabisa, ila mpira wenyewe ni mzee.

Hoja yangu: gari likishawekwa sokoni, kupaka matairi yake dawa ya kung'arisha kukatazwe. La kwako mwenyewe paka hata asali, hatukuulizi.

Msugua Ringi

Kaka pole, lakini usitukusanye wote kapu moja. Mimi nasugua magari Sinza, huu mwaka wa tisa. Bodi uioshe iwe kioo, sasa tairi ziwe kijivu uone. Mteja anakuuliza, "Dogo, mbona hujamaliza?" Tairi ndiyo inayolipendezesha gari, kama viatu kwa mtu aliyevaa suti.

Halafu watu wanadhani mng'ao unatoka kwenye chupa. Mng'ao unatoka kwenye brashi. Unapiga sabuni, unasugua ubavu wa tairi kwa brashi ngumu, povu la kwanza linatoka rangi ya chai ya maziwa. Unasuuza, unarudia. Mara ya pili, ya tatu, mpaka povu litoke jeupe. Hapo ndipo tairi limeoga. Kisha unakausha, maana ukipaka juu ya maji dawa inakaa mabaka mabaka. Mimi natumia kipande cha sponji ya godoro, nachovya kidogo, nazungusha. Nasubiri kama robo saa, napaka mkono wa pili. Ule muonekano wa majimaji unakuja kwenye mkono wa pili, si kwa kumimina mara moja.

Na mwisho unafuta kwa kitambaa kikavu! Wengi wanaruka hapa. Hiyo michirizi yako, kaka, ni dawa iliyozidi, tairi likizunguka linairusha mlangoni.

Boda Mstaafu

Mimi niliwahi kupaka ya pikipiki, nikajisahau nikapaka hadi kwenye kashata. Kona ya kwanza tu kutoka kijiweni nikalala nayo. Gari lina magurudumu manne ya kulisaidia, pikipiki inalalia ubavu wa tairi. Msijaribu. Nimemaliza.

Mkemia wa Mtaa

Naongeza jambo ambalo Msugua Ringi kaligusa bila kulitaja. Ile rangi ya chai si uchafu wa barabarani peke yake. Mpira wa asili hauna weusi, umekaa rangi ya maziwa yaliyochacha. Weusi tunaouona umetokana na masizi yanayochanganywa kiwandani ili tairi liwe gumu. Yule mtu wa matairi kwenye nembo ya kampuni ya Michelin, aliyechorwa 1898, mnadhani kwa nini ni mweupe? Enzi zake matairi hayakuwa meusi.

Sasa humo kwenye mpira wanaweka pia nta na kemikali za kuukinga na ozoni, gesi ya hewani inayoupasua mpira. Vitu hivi vinatoka taratibu kuja juu ya ngozi ya tairi, na kile cha kuzuia ozoni kikikutana na hewa kinageuka kahawia. Ndiyo chai hiyo. Na nta inasukumwa nje tairi linapozunguka na kujikunja. Gari likisimama yadi miezi na miezi juani, kinga haiji juu vizuri, mpira unapasuka hata kama kashata hazijaguswa. Kimara Mwisho, tairi lako halikuchoka kwa safari, lilichoka kwa kukaa.

Kuhusu dawa zenyewe, kuna ile nyeupe kama maziwa, ya maji na silikoni. Hiyo inakupa weusi wa utulivu, na ukitaka mng'ao zaidi unaongeza mkono. Kuna ile nyepesi isiyo na rangi, yenye kiyeyusho cha jamii ya petroli. Inang'aa papo hapo kama tairi limelowa, ila ina utelezi na inarukaruka kwenye bodi. Na kuna ya tatu ambayo mtaani kila mtu anaijua na hakuna anayeisema: oili chafu iliyozimuliwa kwa dizeli. Mpira unakunywa mafuta ya namna hiyo, unavimba, unalainika. Unang'arisha leo kitu unachokiua polepole.

Dada wa Goba

Wanaume mmeandika weee kama vile tairi linavaliwa harusini. Njia ya kwangu ina vumbi hadi ndani ya friji. Nikipaka hiyo ya mafuta Jumamosi, nikifika getini tairi limekuwa mandazi yaliyonyunyiziwa unga. Nimehamia ya maji, nafuta kabisa, inabaki nyeusi bila kung'aa. Kwa vumbi letu inatosha.

Mama Noah

Mimi napinga hoja. Mleta mada, mtu mzima umenunua gari kwa kutazama mng'ao, halafu kosa ni la sponji? Basi na bodi isioshwe, na nyumba ya kupangisha isipakwe rangi. Muuzaji yeyote hupamba, hata muuza nyanya anatanguliza zile nzuri juu.

Noah yangu ilikuwa inameremeta hivyo hivyo. Nilifika na tochi ya simu na kanga ya kutandika chini. Namba za wiki na mwaka si lazima ziwe pande zote mbili za tairi, mara nyingi upande mmoja tu ndio una maandishi kamili, na matairi mawili yalifungwa huo upande ukiwa ndani. Nikalala chini nikazisoma. Yule kijana wa yadi alicheka kwanza, baadaye hakucheka, maana nilishusha bei kwa thamani ya matairi mawili. Nikatazama na vile vituta vidogo ndani ya mifereji ya kashata. Kashata ikifika usawa wake imebaki milimita 1.6, tairi limekwisha.

Kimara Mwisho

Mama, heshima yako. Lakini ona ulichoandika: imebidi ulale chini na tochi. Ni wangapi watalala chini? Nyanya ya chini ya fungu naigeuza kwa kidole. Na hii si nyanya, hii nikiwa Morogoro Road na watoto nyuma, ikipasuka hatuna mjadala tena.

Halafu sheria si kwamba haipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Mimi nasema mafuta juu ya magaga ni upotoshaji. Hajasema uongo kwa mdomo, kausema kwa sponji.

Mkemia wa Mtaa

Hapo mkuu utapata taabu. Atakwambia alisafisha. Na kusafisha si kosa.

Msugua Ringi

Nilikuwa sitaki kulisema hili. Kuna yadi ilikuwa inatuita Ijumaa jioni, watu watatu, tunapitia magari yote mstari mzima ili Jumamosi wateja wakija yawe yanawaka. Kusugua hakuna, muda huo hatupewi. "Pakeni nzito, ingieni kwenye mipasuko." Nzito ndiyo inayojaza magaga, kwa mbali huyaoni. Na hatukupewa dawa. Tulipewa chupa ya maji ya lita moja na nusu imekatwa kichwa, ndani oili chafu, nusu yake dizeli. Nilijua. Nilipaka. Nilikuwa na kodi ya chumba.

Kwa hiyo Mama Noah, si kila mng'ao ni usafi. Ukitaka kujua, chukua tishu yenye maji na sabuni, sugua ubavu wa tairi pale pale mbele ya muuzaji. Ikitoka nyeusi ya mafuta mazito yenye harufu ya gereji, endelea kusugua mpaka uone ngozi.

Mama Noah

Mwanangu, asante kwa kusema ukweli. Hilo la kuingiza kwenye mipasuko sikulijua, nakubali limenigusa. Bado sitaki kukataza. Ukikataza, yadi zitapaka usiku, na nyinyi vijana mtakosa hata hiyo Ijumaa.

Kimara Mwisho

Basi nairekebisha hoja. Wapake. Ila kwenye kioo cha mbele, pale pale wanapobandika bei na mwaka wa gari, waandike na wiki na mwaka wa kila tairi.

Dada wa Goba

Na spea. Ya kwangu niliikuta haina hata ubavu wa kuuangalia.

Msugua Ringi

Na spea. Sasa hiyo karatasi anaandika nani, yadi au sisi? Kama ni yadi, mtaletewa namba za kutunga. Sisi tunaosugua kwa haki, brashi inapita juu ya hizo namba kila siku, tunazisoma hata bila kutaka.