Je, ninaruhusiwa kuchomoa gari la mwenzangu likishajaa chaji?

Swali

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mkazi wa Nairobi na ninaendesha gari la umeme aina ya Nissan Leaf lenye betri ya kilowati-saa 24, lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Jumamosi iliyopita niliingia katika maegesho ya jengo moja la maduka nikiwa nimebakiwa na asilimia 9 ya chaji, nikakuta plagi pekee ya CHAdeMO (aina ya plagi ya chaji ya haraka inayotumiwa na Leaf) iliyopo pale imeshikwa na gari lililokwisha kufika asilimia 100, na mwenyewe haonekani. Mlinzi alizunguka kumtafuta asimpate. Nilisubiri kwa saa moja na dakika 40, watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma, na alipokuja hakusema neno. Sikugusa kitu, ila nakiri kwamba nilishawishika. Je, ningechomoa, ningekuwa nimekosea?

Jibu la kwanza

Pole sana, ndugu. Kwa maoni yangu ulifanya vyema kutogusa. Ni kweli kwamba plagi ya CHAdeMO hujifunga wakati umeme unapita na kujifungua chaji inapokoma, kwa hiyo ungeweza kuitoa bila kuharibu chochote. Lakini mwenye gari akikuta limechomolewa anaweza kudhani kwamba limekatizwa kabla ya kujaa, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Jambo lisilokubalika kabisa ni kubonyeza kile kitufe chekundu cha dharura ili kumwachisha mwenzako. Kitufe hicho ni cha hatari ya moto au ya kupigwa na umeme, na mara nyingine mashine ikizimwa hivyo hairudi kazini mpaka fundi aje.

Mimi huacha kikaratasi juu ya dashibodi chenye namba yangu ya simu, saa ninayotarajia kurudi, na ruhusa ya kuchomoa nikishafika asilimia 80.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, isipokuwa kuhusu namba ya simu. Sisi wanawake tumeshapata usumbufu wa kutosha kutoka kwa watu wasiotuhusu, hivyo siwezi kuibandika namba yangu mahali pa wazi. Huiacha kwa mlinzi, naye hunipigia mtu mwingine anapofika.

Jibu la tatu

Nafanya kazi ya teksi kwa gari la umeme, na kwangu saa moja ya kusubiri ni abiria watatu au wanne niliowakosa. Naomba tuzingatie hiyo asilimia 80 iliyotajwa, kwa sababu wengi huidhani ni ukarimu tu, ilhali ni jinsi betri ilivyo. Kwenye chaji ya haraka, Leaf kama ya muulizaji hutoka karibu na sifuri hadi asilimia 80 kwa takriban nusu saa, kisha umeme hupunguzwa ili seli zisiumie, na ile sehemu ndogo iliyobaki huweza kula muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Anayekaa pale akingoja asilimia 100 anapata kidogo na kumnyima mwenzake kingi. Anayehitaji betri ijae, na ahamie kwenye plagi ya polepole au achaji nyumbani usiku. Namsamehe tu aliye na safari ndefu mbele yake, mradi aseme.

Tena, ukimaliza, urudishe waya mahali pake. Nimewahi kukuta plagi imetupwa chini, gari limepita juu yake, na kituo kizima hakikufanya kazi.

Muulizaji

Nashukuru sana, na hasa wewe, dada, kwa hilo la mlinzi, kwani sikuwa nimelifikiria. Leo jioni nitapita pale nimwombe msimamizi wa maegesho amwekee mlinzi daftari, ili kila anayechomeka aandike namba yake na saa atakayoondoka.