Kunde kavu kontena moja: nikusanye minadani au nichukue ghalani Dar?

Chapakazi_255: Wakuu, heshima kwenu. Nimepata mteja wa nje anataka kunde nyeupe zenye jicho jeusi, kontena moja. Niingie mwenyewe minadani Dodoma na Singida, au nichukue ghalani Dar zilizokwisha kupepetwa? Za Dar bei imechangamka, ila sizunguki. Anataka jibu wiki hii.

Bi Tandu: Nje wapi? Futi 20 au 40? Analipaje? Umeficha yote, tukupigie ramli?

Chapakazi_255: Futi 20, Dubai.

MzeeWaMizani: Hiyo ni kama tani 24, viroba 480 vya kilo 50. Mnadani hupati kwa siku moja. Nenda na mizani yako na kipima unyevu. Unyevu ukizidi asilimia 12 au 13 usipakie, kontena litatoa jasho baharini na mzigo utaota ukungu.

Kibwana wa Tanga: Mie ghala lilinitia hasara, nasimulia ili ujue. Viroba vya juu safi kama vya maonyesho. Tukakubaliana na mwenye ghala mzigo ufukizwe dawa ya wadudu, ufunikwe turubai siku tano. Nilipopata msiba nikaondoka, kumbe jamaa kafunua siku ya pili, awahi kupangisha nafasi. Mdudu wa kunde hutaga juu ya punje, funza anatoboa na kukaa ndani. Kwa macho huoni kitu. Cheti cha afya ya mimea nilikuwa nacho. Kontena kufunguliwa kule, punje zina matundu na wadudu wanaruka. Mteja akakataa, nikauza kwa bei ya chakula cha mifugo. Hadi leo nikiona turubai la bluu moyo unashtuka.

Bi Tandu: Pole sana. Ndiyo maana mimi nanunua kwa wakulima wanaohifadhi kwenye mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa. Ilibuniwa kwa ajili ya kunde hasa: hewa ikiisha, mdudu anakufa bila dawa.

Ngosha_Mkavu: Achana na kunde, ingia mbaazi. Soko la India halina mfano.

MzeeWaMizani: Halina mfano kweli. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi ulikuwa wapi? Kuna watu Lindi na Mtwara walibaki wanazitazama tu.

Ngosha_Mkavu: Hiyo zamani, mzee. Na mnadani, chukua lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ndipo faida ilipo.

Bi Tandu: Faida gani? Huo ni wizi kwa mkulima! Pima kwa kilo, ulipe kwa kilo.

Ngosha_Mkavu: Dada, mkulima mwenyewe ndiye anayeshindilia.

Bi Tandu: Kwa sababu bila kilemba, ile nyongeza ya juu ya gunia, hamnunui! Chapakazi, malipo hujajibu bado.

Chapakazi_255: Amesema atatuma pesa mzigo ukifika.

Kibwana wa Tanga: Ukifika?? Bila LC, ile dhamana ya malipo ya benki, wala malipo ya awali?

MzeeWaMizani: Kumbe tumejadili viroba bure.

Dogo_Kibaigwa: Samahani wakuu, nje ya mada: nani ana mbegu ya kunde zinazokomaa upesi?